Ratiba Iliyosubiri Mwezi

Mkitaka kujua kuna nini kwenye televisheni leo, mnabonyeza kitufe kimoja cha rimoti na orodha yote inajipanga: saa, jina la kipindi, na chini yake mistari miwili ya maelezo. Sijui kama mmewahi kujiuliza ni nani anayeandika ile mistari miwili. Kwa miaka mingi, kwenye chaneli moja ndogo hapa London, mwandishi huyo nilikuwa mimi. Jina langu Mwanaisha, mzaliwa wa Mombasa, mkazi wa Woolwich, na sasa ni mstaafu mwenye muda wa kutosha wa kuwasumbua.

Wajukuu zangu nikiwasimulia kazi hii wananisikiliza kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, kwamba hiyo si kazi, kompyuta inajifanyia yenyewe. Haya, kaeni, niwaeleze taratibu. Kompyuta haijui lolote mpaka mtu aiambie, na huyo mtu naye lazima awe anajua. Hapo kwenye kujua ndipo nilipojikwaa mimi, na ndicho kisa ninachotaka kukifikia. Lakini kwanza mwielewe kazi.

Matangazo yalipohama kutoka mitambo ya zamani kwenda ya dijitali, nafasi iliongezeka ghafla. Palipokuwa na chaneli chache pakawa na makumi, nyingi za bure, huhitaji kulipia chochote zaidi ya kuwa na antena na king'amuzi. Yetu ilikuwa mojawapo. Ofisi ilikuwa vyumba viwili Stratford, juu ya duka la mapazia, na tulirusha vipindi vya watu wa Afrika na Asia wanaoishi hapa. Kila Jumanne, saa kumi jioni, ilikuwa saa yetu Waswahili.

Sasa, chaneli mpya ni kama duka jipya kwenye uchochoro. Bidhaa unazo, ila nani atajua? Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha vipindi vyetu vimeandikwa mahali ambapo watu wanatazama. Magazeti na majarida ya ratiba yalitaka orodha zaidi ya wiki mbili kabla. Orodha ya kwenye skrini ilikuwa na subira zaidi, lakini nayo ilifungwa Ijumaa saa sita mchana kwa vipindi vya Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Ukichelewa dakika tano umechelewa. Mama mmoja aitwaye Pauline ndiye aliyekuwa akipokea orodha zetu, kwenye kampuni iliyosambaza ratiba za chaneli zote, kwa njia ya simu na barua pepe, na sikuwahi kumwona uso.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Hasmukh. Alizaliwa Kisumu, wazazi wake walikuwa na duka la vitambaa huko, na alikuja kazini kila siku kutoka Stanmore akiwa na mkebe wa chakula wa ghorofa tatu na penseli nyuma ya sikio. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kaunta ya duka, cha haraka na kisicho na mapambo. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye kazi ya kupiga taipu ofisini, nikadhani maelezo ya vipindi ni jambo la kuandika tu. Wiki ya kwanza nilipewa mchezo wa kuigiza, nikauangalia wote, nikaandika kwa uaminifu kabisa kwamba Salma anagombana na mumewe, anarudi kwao, halafu mwishoni wanapatana.

Mzee Hasmukh alisoma, akavua miwani.

"Dada, umewaangalizia watazamaji wote."

"Si ndiyo kazi yenyewe?"

"Sasa wao saa hiyo wafanye nini? Waende kufua?" Akachukua penseli, akafuta nusu. "Mwambie mtu huyu ni nani na ana shida gani. Basi. Shida itaisha vipi, aje aone mwenyewe."

Hilo ni somo la kwanza na bado naliamini. Hata mkituma ujumbe wa kuwaalika watu kwenye mkutano, lijaribuni.

Somo la pili nililipata kwa kutembea. Chaneli mpya haionekani kwenye televisheni ya mtu mpaka ile televisheni iambiwe itafute chaneli upya. Ni kazi ndogo: unafungua menyu, unachagua kutafuta, unasubiri, huigusi mpaka imalize. Lakini wazee wetu wengi waliogopa kwamba wakibonyeza watapoteza hata kile walichonacho. Kwa hiyo Jumamosi nilikuwa nabeba vikaratasi vya ratiba, napita nyumba kwa nyumba Woolwich, nabonyeza mwenyewe. Vikaratasi hivyo niliviandika kwa saa zetu, na pembeni nikachora uso wa saa ya ukutani, mshale mfupi na mrefu, ili watoto waliozoea saa za Kizungu nao wasipotee. Tahadhari moja: kabla hujaigusa televisheni ya mtu, andika namba za chaneli anazozipenda. Mimi sikuandika kwa mzee mmoja wa Kitanzania, namba zikahama, akakosa mpira wa jioni ile. Kwa mwezi mzima, tukikutana sokoni, alikuwa akiwaambia watu, "Mwangalieni huyo, ficheni rimoti zenu."

Ni katika kupita huko nilikomjua Bi Zuhura. Alikuwa akiishi ghorofa ya kumi na moja, naye kwao hukohuko kwetu Mombasa, miguu imekwisha kumkataa, na televisheni yake ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma kana kwamba ni bibi harusi. Nilipomtafutia chaneli yetu akasikia Kiswahili kinatoka mle ndani, alinishika mkono.

"Weye wafanya kazi kwa hawa?"

"Ndiyo, Bi."

"Basi Jumanne nisipigiwe simu."

Tangu siku hiyo Jumanne zake zote zilikuwa zetu. Watoto wake wawili walikuwa mji wa mbali, Leicester, wanakuja wakipata nafasi. Wiki nzima sauti pekee aliyoisikia kwa lugha yake, nje ya simu, ilikuwa ile saa moja. Namtaja mapema kwa sababu yaliyofuata yalimhusu yeye kuliko yalivyomhusu mkurugenzi wetu.

Mkurugenzi wetu alikuwa kijana mzaliwa wa hapa, si mtu mbaya, ila alipenda kuona simu zikilia. Siku moja alituita. Alisema kuna kampuni ya sufuria inataka kununua Jumanne saa kumi iwe ya kuuzia sufuria, na saa ya Kiswahili haina ushahidi kwamba inatazamwa. Watu wetu wanatazama kimya, hawapigi simu studio. "Nipeni kipindi kimoja," akasema, "ambacho nitasikia simu. La sivyo Jumanne inakwenda."

Mzee Hasmukh akapendekeza kipindi maalumu cha Idi. Nami nikapendekeza tumrekodi Bi Zuhura nyumbani kwake, apike kaimati na mkate wa sinia, asimulie Idi za utotoni mwake. Mkurugenzi alipenda.

"Na hiyo Idi ni lini?" akauliza.

Wote wakanigeukia. Mwislamu pale ofisini nilikuwa peke yangu.

Wanangu, mnajua jibu la swali hilo. Jibu ni kwamba Idi ni pale mwezi utakapoandama, na mwezi huandama unapotaka, siku ya ishirini na tisa au usiandame mkamilishe thelathini. Tena hata ukiandama, hapa London wapo wanaofuata Saudia, wapo wanaofuata hesabu, na sisi tunaosubiri simu ya nyumbani. Mimi nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Lakini meza nzima ilikuwa inanitazama, na kalamu zimeinuliwa, nikaona aibu kusema kwamba sikukuu yetu kubwa hatujui itakuwa siku gani. Ukutani kwangu palikuwa na kalenda ya duka la nyama, na ile kalenda ilisema Jumanne.

"Jumanne," nikasema.

Na ilipendeza mno, maana Jumanne ndiyo siku yetu. Tukamrekodi Bi Zuhura, nikaandika mistari yangu miwili, nikaituma kwa Pauline, ikatoka kwenye majarida, ikaingia kwenye skrini, nikachapa vikaratasi. Kila kitu kwa wakati wake. Sijawahi kufanya kosa safi namna ile.

Ijumaa ya mwisho ya mfungo, kama saa nane mchana, nilimpelekea Bi Zuhura kikaratasi chake. Aliweka miwani, akasoma polepole, akafurahi kuona jina lake. Kisha akasoma tena.

"Yasema Jumanne."

"Jumanne saa kumi, Bi. Inshallah."

"Na mwezi ukiandama Jumapili?"

Nikakichukua kile kikaratasi, nikakisoma upya.

"Mwanaisha mwanangu. Ukiandama Jumapili, Idi si Jumatatu?"

"Ni Jumatatu, Bi."

"Hivi hapo Jumanne mimi natoka kwenye televisheni nikisema Idi ni leo, na watu wameshakula kaimati zao jana?" Alinitazama kwa huruma, na afadhali angenigombeza. "Nani aliwaambia Jumanne?"

"Mimi."

"Ulikwenda mbinguni kutazama?"

Niliondoka pale mbio. Nikapanda ile treni ndogo isiyo na dereva mpaka Stratford, na njia nzima nilikuwa nahesabu: orodha ya skrini imefungwa saa mbili zilizopita, majarida yako mikononi mwa watu. Mwezi ukiandama Jumapili, simu hazitalia Jumanne. Waislamu watakuwa wamerudi kazini, kipindi kitakuwa kiporo, na Jumanne zote za Bi Zuhura zitakuwa za sufuria.

Nilipoingia, Mzee Hasmukh alisukuma kikombe chake cha chai nyuma ya kompyuta. Mwezi mzima alikuwa akifanya hivyo, kwa heshima ya saumu yangu, na mwezi mzima nilikuwa najifanya sijaona.

"Mzee, nimeharibu," nikasema, nikamweleza yote.

Nilitarajia akasirike. Alicheka mpaka penseli ikadondoka. "Dada, sisi Wahindu na sikukuu yetu ya Diwali kila mwaka! Kalenda ya hekalu hili yasema leo, ya lile yasema kesho, mke wangu asema wote waongo. Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Niliona haya. Mbele ya wale watu."

"Ungesema tu, bado sijui, nitajua Jumapili. Mtu anayejua siku atakayojua, huyo anajua." Akainama kuokota penseli. "Haya. Tuna nini mkononi?"

Hii ndiyo tabia ya fundi, iigeni: hakupoteza muda kwenye lawama. Tulichokuwa nacho ni hiki. Kipindi kingeweza kurushwa siku yoyote, hilo lilikuwa mikononi mwake yeye mpangaji ratiba. Jumatatu saa kumi palikuwa na marudio ya mapishi, angeweza kuyaondoa hata Jumatatu asubuhi. Na Jumanne tungerudia kama ilivyoandikwa. Shida ilikuwa moja: hakuna ambaye angejua kuhusu Jumatatu.

Nikampigia Pauline, kwa matumaini tu.

"Ngoja nielewe," akasema, kwa upole wa watu wa simu. "Sikukuu yenu inaweza kuwa Jumatatu au Jumanne."

"Ndiyo."

"Na zimebaki siku tatu au nne tu."

"Ndiyo."

"Na hakuna mtu yeyote, popote duniani, mwenye kujua?"

"Mpaka mwezi uonekane."

Nikamsikia akibonyeza kompyuta yake. Kisha akasema skrini imefungwa, hawezi kunisaidia, lakini angependa sana nimwambie ilikuwaje.

Nilikata simu, nikakaa. Mzee Hasmukh alikuwa anageuza penseli.

"Dada, huo mwezi ukiandama, nyinyi mnajuaje?"

"Tunapigiwa simu kutoka nyumbani. Kisha tunapigiana."

"Nani anampigia nani?"

"Kila mtu anampigia kila mtu."

"Mpaka London nzima ijue, inachukua muda gani?"

"Robo saa. Ikizidi sana nusu saa."

Akaiweka penseli chini. "Na mimi miaka yote hii nasumbuka na magazeti!"

Jumamosi nilipita Woolwich yote: duka la nyama, saluni, meza ya muuza muhogo sokoni, ukumbi ambamo kina mama walikuwa wanapanga futari. Sikubeba kikaratasi hata kimoja. Nilibeba sentensi. Nyote mtakaokuja kutangaza jambo kwa midomo ya watu, sikilizeni: sentensi iwe fupi kiasi kwamba mtu anaweza kuisema huku ameshika sufuria ya moto. Yangu ilikuwa hivi: "Mwezi umeandama, Idi kesho, kipindi saa kumi." Niliwaomba wasiitenganishe. Atakayepeleka habari ya mwezi na aipeleke yote, na atakayeipokea aiseme hivyohivyo. Muuza muhogo, Mkristo wa Kisumu, aliniuliza kama na yeye anaruhusiwa. Nikamwambia yeye hasa, maana wateja wake ni wengi.

Jumapili alasiri nilikuwa kwa Bi Zuhura, ghorofa ya kumi na moja. Nje ya dirisha mawingu mazito, kama kawaida. Mwezi wa London mtu huusikia tu. Lakini Mombasa jua lilikuwa linazama wakati kwetu bado kweupe, na hiyo ndiyo faida yetu. Simu ilikuwa mezani, katikati yetu, karibu na sahani ya tende. Tuliitazama kama watu wanaosubiri maziwa yachemke.

Ikalia. Alikuwa dada yake.

"Umeandama?" Bi Zuhura akapaza sauti. "Wallahi? Kwa macho yenu?" Kisha akapiga kigelegele ambacho nina hakika kilifika ghorofa ya chini. Akaanza kuomba radhi, na kutoa radhi, na kulia kidogo, na kuuliza habari za ndugu mmoja mmoja, mpaka nikamgusa bega.

"Bi. Kipindi."

"Ah! Na kipindi saa kumi!" akamwambia dada yake, aliyekuwa Mombasa na asiyeweza kukiona.

Baada ya hapo hakukosea. Aliwapigia watu saba mfululizo. Wa nane alikuwa mwanawe wa Leicester.

"Mama, sisi msikiti wetu umesema Jumanne," nilimsikia akisema.

"Basi nyinyi kaeni na njaa yenu, mimi kesho nala. Jumanne mtanitazama tena, narudiwa." Akakata simu. "Wamezaliwa hapa hapa tumboni mwangu, lakini mwezi wao ni mwingine."

Nikachukua simu yangu nimwambie Mzee Hasmukh. Kabla sijabonyeza, ikalia mkononi. Namba siijui, sauti siijui, mwanamke ana haraka, nyuma yake mtoto analia na kitu kinakaangwa.

"Dada, samahani, nimepewa namba hii na mtu wa Stratford. Mwezi umeandama, Idi kesho, kipindi saa kumi. Mwambie na mwingine." Akakata.

Niliishika ile simu kifuani kwa muda. Nimeandika maelezo ya vipindi vingi sana maishani, lakini hilo ndilo tangazo langu pekee lililowahi kunirudia likiwa zima.

Nilipompata Mzee Hasmukh hakunipa nafasi. "Nimekwisha ambiwa. Jirani yangu hapa Stanmore amegonga mlango na bakuli la tambi. Saa kumi, sivyo? Mapishi nimeyatoa."

Jumatatu studio walianza kupigiwa simu kabla Bi Zuhura hajamaliza kukanda unga. Watu walitaka kumpa mkono wa Idi, wengine kumwambia kaimati zake zina maji mengi. Jumanne wakapiga wale wa hesabu na wa Leicester, pamoja na wale wa Jumatatu waliotaka kuona tena. Jumatano mkurugenzi alitoka chumbani kwake na orodha ya skrini mkononi, akatuonyesha kwa kidole.

"Jumatatu saa kumi hapa pameandikwa marudio ya mapishi. Watu walijuaje?"

Mzee Hasmukh aliangalia dari. Mimi nikasema, "Walipigiana."

Akaikunja ile orodha. Kisha akasema watu wa sufuria watapewa Jumapili asubuhi, na Jumanne ibaki kama ilivyo. Nilikwenda kumpa Bi Zuhura habari mwenyewe, kwa miguu, mpaka ghorofa ya kumi na moja kwa kuwa lifti ilikuwa mbovu. Alisikiliza, akakitandika tena kile kitambaa juu ya televisheni, akakinyoosha pembe zote nne. Jumapili iliyofuata, nasikia, aliagiza sufuria.

Mwaka uliofuata tulikaa tena kwenye meza ileile. Mkurugenzi akafungua daftari lake jipya.

"Kipindi cha Idi. Ni lini mwaka huu?"

Wote wakanigeukia. Kalamu zikainuliwa.

"Bado sijui," nikasema. "Nitajua Jumamosi alasiri, kama saa tisa na nusu."

Hakuna aliyecheka. Nilipogeuka, Mzee Hasmukh alikuwa amekwisha piga mstari katikati ya karatasi yake kwa penseli, anaandika siku mbili, moja kila upande.